Injini ya Boti Ikigoma Kuzunguka: Anza na Betri, Usianze na Nyundo

Abiria wameketi, mizigo imepangwa, maji yameanza kupwa. Nahodha anazungusha ufunguo na hakuna kinachotokea. Anazungusha tena. Kimya. Abiria mmoja anatazama saa, mwingine ameshaanza kuulizia boti ya jirani, na nahodha anafungua kifuniko cha injini akiwa hajui aanzie wapi.

Wanaosafiri kati ya Mokowe, Amu, Shela na visiwa vya Pate, Ndau na Kiwayu wanalijua tukio hili. Katika Kaunti ya Lamu boti ndiyo matatu, ndiyo lori la mizigo na, usiku mgonjwa anapotolewa Faza au Kizingitini kupelekwa Hospitali ya King Fahd, boti hiyohiyo ndiyo ambulensi. Injini isiyoitika gatini ni hasara ya nauli na samaki kuharibika. Injini isiyoitika katikati ya mlango wa bahari wakati wa kusi ni jambo jingine kabisa.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya hitilafu hizi si za injini yenyewe. Ni za betri, waya, fyuzi na kutu, vitu ambavyo nahodha au baharia wake anaweza kuvikagua kwa spana mbili na kipande cha msasa. Makala haya yanaeleza namna ya kufuata tatizo hatua kwa hatua, na pia mahali ambapo nahodha anapaswa kuacha na kumwita fundi.

Maradhi mawili yasiyofanana

Kuna injini inayozunguka lakini haiwaki. Ufunguo ukizungushwa stata inalia, flaiwili inazunguka, ila moto haushiki. Shida ya namna hiyo hutafutwa kwenye petroli, plagi, hewa, au kwenye kamba nyekundu ya usalama iliyochomoka. Halafu kuna injini isiyozunguka kabisa, au inayojikongoja nusu mzunguko na kusimama. Hii ya pili ndiyo tunayoizungumzia.

Kuzitenganisha huokoa pesa. Nahodha anayenunua plagi mpya kwa sababu injini haizunguki ametupa fedha zake majini, kwa kuwa plagi hazina kazi yoyote katika kuizungusha injini. Kazi hiyo ni ya stata, na stata inategemea umeme.

Umeme huo hupita njia mbili. Njia ya kwanza ni nyembamba: kutoka betri, kupitia fyuzi, hadi kwenye ufunguo, kisha kwenye swichi ndogo inayohakikisha gia iko katikati, na hatimaye kwenye rilei ya stata. Njia ya pili ni nene: kebo kubwa kutoka betri hadi kwenye rilei, na kutoka rilei hadi stata, kisha kebo ya hasi inayorudi kutoka kwenye mwili wa injini hadi betri. Njia nyembamba ni kama karani anayepeleka amri. Njia nene ni ya mahamali wanaobeba mzigo wenyewe, maana stata ya injini ya ukubwa wa kati inaweza kuvuta zaidi ya ampea 100 kwa sekunde chache inazofanya kazi. Karani akikosekana, hakuna sauti yoyote. Mahamali wakiwa dhaifu, utasikia mlio lakini mzigo hautanyanyuka.

Sikiliza kabla ya kufungua

Kwa hiyo chombo cha kwanza cha uchunguzi ni sikio. Baharia mmoja azungushe ufunguo na mwingine asimame karibu na injini, si juu yake, asikilize.

Kukiwa kimya kabisa, bila hata mlio mdogo, amri haifiki kwenye rilei: betri imekufa kabisa au swichi yake kuu imezimwa, fyuzi imekatika, gia haiko katikati, au waya mwembamba umeachia. Mlio wa haraka unaojirudia, tik-tik-tik-tik, karibu kila mara ni betri iliyoishiwa nguvu au kichwa cha betri kilicholegea. Mlio mmoja mzito, tak, kisha kimya, unaonyesha kwamba rilei imeitika lakini stata haikupata umeme wa kutosha, au imekwama, au injini yenyewe imekaza. Injini ikizunguka polepole kama iliyochoka, rudi kwenye betri na kebo. Na ikiwa stata inazunguka kwa kasi, inalia kwa sauti nyembamba ilhali flaiwili imetulia tuli, basi meno madogo ya stata hayapandi kuikamata flaiwili. Mara nyingi ni chumvi na grisi iliyokauka kwenye mhimili wake.

Mambo mawili yasiyogharimu hata shilingi

Kabla ya kushika spana, angalia gia. Injini nyingi zenye ufunguo zimetengenezwa zikatae kuzunguka gia ikiwa mbele au nyuma, ili boti isiruke na kumwangusha mtu. Kebo ya gia ikilegea kwa uzee, mkono unaweza kuonekana uko katikati ilhali injini inadhani bado iko mbele. Ishike ufunguo, uitikise gia kidogo mbele na nyuma ukipita katikati. Injini ikiitika mahali fulani, umekwisha kujua kasoro iko wapi, na kebo hiyo inahitaji kurekebishwa siku hiyohiyo.

Pili, angalia kamba ya usalama inayofungwa mkononi au kiunoni mwa nahodha. Kwa injini nyingi, kamba ikichomoka injini huzunguka lakini haiwaki. Kwa nyingine haizunguki kabisa. Kwa vyovyote vile ni jambo la sekunde tano. Watoto wanaochezea boti zilizofungwa gatini huzichomoa kamba hizi mara nyingi kuliko wanavyokiri.

Betri, betri, na tena betri

Hapa ndipo penye mzizi wa matatizo mengi, na mazingira ya Lamu yanachangia. Safari ya Mokowe hadi Amu ni fupi. Boti inawashwa, inavuka kwa dakika chache, inazimwa, inasubiri abiria, inawashwa tena. Kila uwashaji unatoa umeme mwingi kwa ghafla, na safari fupi kwa mwendo wa polepole haitoshi kuurudisha. Injini nyingi ndogo huchaji kwa kiasi kidogo sana zinapozunguka taratibu. Ongeza taa, redio na simu nne za abiria zinazochajiwa, na betri inafika jioni ikiwa na deni.

Mwenye kipimo cha umeme atapata jibu haraka. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika kwa saa chache husoma takriban volti 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.2 imebaki na karibu nusu. Chini ya 12 haina cha kutegemewa. Lakini kipimo cha betri iliyotulia kinaweza kudanganya, kwa sababu betri mbovu huonyesha 12.5 ikiwa haina kazi kisha huanguka mara tu inapobebeshwa mzigo. Kwa hiyo shika kipimo kwenye vichwa vya betri huku mwenzako akizungusha ufunguo. Ikishuka chini ya volti 9.6 au karibu na hapo, betri imeisha chaji au imeisha umri. Ichaji hadi ijae na urudie kupima. Ikianguka tena, ni wakati wa kununua nyingine.

Asiye na kipimo ana vichwa vya betri. Washa taa ya boti kisha zungusha ufunguo. Taa ikififia sana au kuzimika, umeme hautoshi au haupiti vizuri. Taa ikibaki na mwanga uleule na stata isiitike, amri haifiki na tatizo liko kwenye njia nyembamba.

Sasa gusa vibano vya kebo kwenye betri. Kikigeuka kwa mkono, kimelegea. Mtikisiko wa boti inayopiga mawimbi hulegeza nati za kukaza kwa vidole, na ndiyo maana ni afadhali kutumia nati za kukaza kwa spana. Ukiona unga mweupe au wa kijani, huo unazuia umeme kama pamba inavyoziba bomba. Fungua kebo ya hasi kwanza, kisha ya chanya. Sugua vichwa na vibano kwa msasa au brashi ya waya hadi madini yang'ae, suuza uchafu kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi bila kuyaruhusu kuingia ndani ya betri, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kaza, kisha paka grisi kidogo juu. Grisi ipakwe baada ya kukaza, si kabla.

Tahadhari hapa si za mapambo. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka kwa cheche ndogo, na boti ina petroli. Hakuna sigara, na mvuke wa petroli uachwe utoke kabla ya kugusa waya wowote. Ukibadilisha kebo, chanya kwenye hasi, hata kwa sekunde moja, unaweza kuunguza fyuzi au rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa injini ili uchaji betri. Kifaa hichohicho huungua pia pale mtu anapoiwasha injini kwa betri ya kuazima, kisha akaichomoa betri hiyo injini ikiwa bado inanguruma. Zima kwanza, ndipo urudishe betri ya watu.

Kebo nzuri kwa nje, iliyooza kwa ndani

Hewa ya chumvi ina tabia ya kuingia ndani ya kebo kupitia ncha zake na kusafiri chini ya mpira. Nje kebo ni nyeusi na safi, ndani shaba imegeuka unga wa kijani. Ikunje kebo karibu na kibano: ikiwa ngumu kama kijiti au ikitoa mlio wa kusagika, imeoza. Kebo inayopata moto baada ya majaribio machache ya kuwasha nayo ina kasoro. Mwenye kipimo aguse ncha zote mbili za kebo moja wakati wa kuzungusha. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea humo.

Kebo ya hasi husahaulika kuliko zote. Watu hubadilisha betri, kisha rilei, kisha stata, wakati boliti inayoifunga kebo ya hasi kwenye injini imejaa kutu tangu mwaka juzi.

Fyuzi nayo iko chini ya kifuniko cha injini, mara nyingi ya ampea 20 au 30, na injini nyingi zina ya akiba iliyowekwa papo hapo. Ikikatika mara moja, weka nyingine ya ukubwa uleule. Ikikatika tena, kuna waya unaogusana mahali na kazi ni kuutafuta. Kuweka karatasi ya sigara au waya wa shaba badala ya fyuzi ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi ya bei ndogo hadi kwenye mfumo mzima wa waya, juu ya tangi la petroli.

Bisibisi kwenye rilei

Kuna ufundi unaofahamika sana gatini: kugusisha bisibisi kwenye boliti mbili za rilei ili umeme upite moja kwa moja hadi kwenye stata. Ni kweli kwamba injini huzunguka, na fundi hutumia njia hiyo kujua kama kasoro iko kwenye rilei au kwenye stata. Lakini njia hiyo inairuka swichi ya gia. Gia ikiwa mbele na injini ikawaka, propela itazunguka papo hapo, na ikiwa kuna mtu anayeoga nyuma ya boti au anayesukuma kwa mkono, hatapata nafasi ya kukwepa. Cheche yake nayo ni kubwa. Kipimo hicho kifanywe nchi kavu, kamba ya usalama ikiwa imechomolewa, plagi zikiwa nje na gia ikihakikishwa kwa macho. Abiria wakiwa ndani, kisifanywe kabisa.

Stata yenyewe ikipewa umeme wa kutosha na isizunguke, huenda makaa yake yamekwisha au maji yameingia ndani. Kuigonga taratibu kwa mpini wa spana mara nyingine huisogeza makaa na kuirudisha kazini kwa mara moja au mbili, kiasi cha kukufikisha nyumbani. Usiihesabu kuwa tiba.

Injini iliyokaza

Yakithibitishwa hayo yote, betri imejaa, kebo safi, stata inapata umeme, na bado kuna mlio mmoja tu, inabidi kuuliza kama injini yenyewe inaweza kuzunguka. Toa ufunguo, chomoa kamba ya usalama, weka gia katikati, fungua plagi zote, kisha zungusha flaiwili kwa mkono kuelekea upande wa saa. Bila plagi inapaswa kuzunguka kwa urahisi. Maji yakiruka kwenye matundu ya plagi, maji yalikuwa yameijaza silinda, na kulazimisha stata kungepinda fimbo ya pistoni. Isipozunguka hata kidogo, pistoni imeshika kwa kutu au kwa joto. Usitie bomba kwenye spana ili kuongeza nguvu. Hapo ni kwa fundi.

Injini iliyozama pamoja na boti ni suala la saa, si la siku. Ikitolewa majini isijaribiwe kwa ufunguo. Isuuzwe kwa maji baridi, plagi zifunguliwe, maji yote yatolewe kwa kuzungusha kwa mkono, imwagiwe oili kwenye silinda na ifike kwa fundi siku hiyo. Ikiachwa ufukweni hadi kesho, hewa na chumvi huanza kuila vyuma vya ndani.

Mkiwa majini

Utaratibu wa hapo juu unafaa gatini. Injini ikizimika njiani na kukataa kuzunguka, kitu cha kwanza kushikwa si ufunguo wala spana. Ni nanga. Boti isiyo na injini husukumwa na mkondo na upepo kuelekea mwambani au bahari kuu wakati nahodha ameinamia waya. Abiria wavae majaketi ya kuokolea kama hawakuyavaa, wakae chini na wasihamie upande mmoja kutazama. Ndani ya Mkanda, kati ya Manda na bara, hatari kubwa zaidi ni maji kupwa: boti ikikalia tope itasubiri maji yajae tena, saa kadhaa, na kama kuna mgonjwa ndani huo ni muda asio nao. Pondo na kasia si mzigo wa bure.

Injini nyingi ndogo na za kati, hasa za tu-stroku zinazochanganywa petroli na oili, zinaweza kuwashwa kwa kamba ya dharura hata kama ufunguo umekufa. Injini kubwa nyingi hazina nafasi hiyo, na nahodha anapaswa kujua yake iko kundi gani kabla ya kutoka gatini. Utaratibu ni huu. Gia iwe katikati, na ithibitishwe, kwa sababu kwa kamba hakuna swichi ya kukukinga. Ondoa kifuniko cha injini na kile cha flaiwili. Ingiza fundo la kamba kwenye mkato wa flaiwili, zungushia mizunguko miwili au mitatu upande wa saa, hakikisha hakuna mtu nyuma ya kiwiko chako, vuta pole hadi ikaze kisha vuta kwa nguvu moja. Ikiwaka, usijaribu kurudisha kifuniko cha flaiwili wakati inazunguka. Flaiwili iliyo wazi hunyakua kitambaa bila onyo: mwenye kanzu aikunje, kikoi kifungwe vizuri, na abiria wenye leso na buibui wahamie mbele ya boti. Usiizime tena mpaka mfike.

Ikishindikana, omba msaada mapema, mchana ukiwa bado upo. Chombo chenye redio ya VHF kitumie chaneli ya 16, inayosikilizwa na vyombo vingine na na kituo cha uratibu wa uokoaji baharini kilichoko Mombasa. Chenye simu tu kipige kwa chama cha BMU au gati kilikotoka, kieleze kilipo, kina watu wangapi na kama kuna mgonjwa. Hii ndiyo sababu ya kumwachia mtu wa nchi kavu jina la mnakokwenda na saa ya kufika.

Kisanduku cha boti na maneno ya kumwambia fundi

Vinavyohitajika vinaenea kwenye ndoo moja yenye kifuniko: spana za vichwa vya betri na za plagi, bisibisi, msasa, fyuzi mbili za ukubwa sahihi, kamba ya dharura, kamba ya usalama ya akiba, tochi na kipimo kidogo cha umeme. Betri ifungwe kwa mkanda ndani ya sanduku lake ili isigeuke boti ikipiga wimbi. Nahodha wa safari fupi aichaji betri nchi kavu angalau mara moja kwa wiki, au atafute paneli ndogo ya sola yenye kidhibiti chake. Jua la Lamu halina bili.

Na anapompigia fundi, maneno "mashine imekufa" hayamsaidii. Amweleze alisikia nini alipozungusha ufunguo, betri ilisoma volti ngapi ikiwa imetulia na wakati wa kuzungusha, kama flaiwili inageuka kwa mkono, na kama injini iliwahi kuingia maji. Fundi anayevuka kutoka Amu hadi Kizingitini akiwa na majibu hayo manne atajua abebe rilei, stata au betri, badala ya kufika, kutazama, na kurudi kuchukua alichokiacha.